Mwalimu Nakusubiri

Nyumba za Walimu
4 Februari

Kwa wifi yangu Mkasi,

Salamu nyingi. Mimi huku sijambo, ila sauti imenikauka kama kawaida ya mwanzo wa muhula, na zile chaki walizotuletea zinavunjika hata kabla hujaandika tarehe.

Kisanduku chako kimefika. Dereva wa lori la vitabu alikikabidhi kwa mikono miwili kama anampa mtu mtoto mchanga. Mwalimu mkuu alipokiona kilivyo kidogo akaniuliza, "Ndio hiki tu? Mtandao mzima umo humu?" Nikamwambia si mzima, ni vile ulivyovichagua wewe kwa mkono wako, na kwamba vishikwambi vya watoto vitavisoma bila mnara wa simu. Hakuamini mpaka tulipokiwasha kwenye ile stoo ya viti vibovu, ambayo sasa tunaiita maktaba. Anakushukuru sana, na kwa kuwa binadamu hatosheki, anaomba orodha ya vitu vingine vya mtandaoni vinavyoweza kumsaidia mwalimu.

Wifi, si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulianza na yale masomo aliyorekodi kaka, hesabu za sehemu. Nilijikaza. Sauti ilipotoka kwenye spika, "Haya, leo tuna mkate mmoja na watu wanne wenye njaa," nikageukia dirishani ili watoto wasinione uso. Nilipogeuka tena, Mama alikuwa mlangoni.

Unajua tulivyofanya. Kaka alipofariki Mama alikuwa kitandani hospitalini, na daktari akatukataza kabisa kumshtua. Tukasema tutamwambia akipata nafuu. Akapata nafuu, tukasema akitoka. Akatoka nikamleta hapa kwangu, tukasema akizoea kutembea. Sasa anatembea mpaka shuleni bila fimbo, na sisi bado tunasema mwanawe yuko safari ya kazi, mbali, simu hazishiki.

Alikuja na kanga yake begani, akaketi kwenye benchi la nyuma na wanafunzi. Kaka akauliza kila mtu atapata kiasi gani cha mkate, kisha akasema vile anavyosema: "Usikimbilie kujibu. Fikiri. Nakusubiri." Darasa likanyamaza. Mama akajibu kwa sauti, "Robo, baba." Watoto wakacheka, naye akacheka nao. Sijamsikia akicheka hivyo tangu augue.

Sasa anakuja kila siku. Watoto wamempa kaka jina, wanamwita Mwalimu Nakusubiri, na Mama wanamwita Bibi Robo. Tumefika somo la tisa, na mwisho wake kaka anasema, "Tutaonana somo lijalo." Kila tukirudi nyumbani Mama ananiuliza, hilo lijalo ni lini?

Nami nakuuliza wewe. Lipo?

Wifi yako,
Chaki

*

Nyumbani
19 Februari

Wifi Chaki,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Nianze na kazi, maana kazi ndiyo inayonishika mkono siku hizi. Mwambie mwalimu mkuu kwamba kuomba "vitu vya mtandaoni" ni sawa na kwenda sokoni kuomba "chakula." Hata hivyo nimewawekea kwenye memori kadi hii picha na michoro ambayo mwenyewe ameruhusu kila mtu aitumie. Kuna mwili wa binadamu ambao mtoto anaufungua tabaka kwa tabaka, na kuna majaribio ya sayansi ambamo unaweza kuchanganya tindikali bila kuunguza nyusi. Nimeweka pia maswali yanayojisahihisha, ili jioni zako zirudi kuwa zako. Halafu kuna maandalio ya masomo kutoka lile jukwaa ambako walimu hupeana kazi zao bure. Nusu ni mazuri, nusu ni maneno makubwa yaliyovaa tai. Yakague kwanza.

Kuna mtandao mmoja sikuuweka. Huo hujifunza sauti ya mtu. Unaulisha rekodi zake, halafu ukiandika maneno yoyote, unayasema kwa sauti yake. Ofisini, tunakotengeneza masomo ya kusikiliza, tunautumia pale msomaji akikosea neno moja na ameshaondoka studio. Badala ya kumrudisha, tunabandika. Ni msaada mkubwa kwa watu wa kazi yangu. Huo siwapi.

Chumba chake cha kurekodia kiko vile vile. Mablanketi bado yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, kwa hiyo ukiingia unahisi masikio yameziba. Kiti kiko mbele ya maikrofoni. Sijakisogeza.

Nikueleze jambo kuhusu ule unyamavu wake, maana ndio tuliogombania kuliko hela, kuliko ndugu, kuliko chochote. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mwalimu asiyeonekana akiuliza swali lazima amwachie mwanafunzi nafasi. Ni kanuni ya kazi. Mtu hurekodi swali, fundi anaweka kimya. Kaka yako akakataa. Alikaa mbele ya maikrofoni akasubiri kweli, kama kuna mtoto pale mbele yake. Na unajua kifua chake. Pumu ile ya utotoni ilikuwa imemwachia mluzi mdogo kila anapovuta pumzi. Nikawa naukata, nasafisha. Masomo ya kwanza nilipomaliza kuyasafisha akayasikiliza, akakasirika kwelikweli. Akaniambia, "Wewe Mkasi wewe, ukiondoa pumzi yangu umemwacha mtoto peke yake chumbani." Nikamrudishia pumzi zake zote, kwa shingo upande. Jina la Mkasi likabaki.

Na pumu hiyo hiyo ndiyo iliyomchukua. Sijui kwa nini nakuandikia kitu unachokijua.

Unauliza kama somo la kumi lipo. Halipo, wifi. Aliliandika tu, karatasi zake ziko hapa kwenye meza, zimejaa mishale na mikwaruzo. Hakuwahi kulisoma. Mwambie Mama ukweli. Wewe ndiye uliye naye, mshike mkono umwambie.

Mkasi

*

Nyumba za Walimu
11 Machi

Wifi Mkasi,

Nilijaribu. Nilimpikia uji, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono kama ulivyosema. Nikaanza, "Mama, kuna jambo kuhusu kaka." Akaniwekea kidole mdomoni, mimi mtu mzima mwenye mvi. Akasema, "Usiniambie habari za safari. Mimi nikimsikia mara moja kwa siku inanitosha." Kisha akamaliza uji wote. Wewe ungemwambia?

Anasikiliza somo la tisa kila siku sasa. Watoto wamehamia sayansi, wanaunguza vitu vyao bila moto, wanafurahi. Yeye nimempa kishikwambi kimoja, anakaa nacho kwenye benchi lake. Mkate, machungwa, kamba ya mita mbili, vyote amevikata akavimaliza. Anajibu kabla ya swali kwisha. Juzi nimemkuta amefika mwisho, "Tutaonana somo lijalo," na bado ameketi, kishikwambi kimezimika mapajani, anakitazama.

Moyo wake si mzuri, wifi. Muuguzi wa zahanati anasema mapigo yanarukaruka. Namwogopa. Namwogopea.

Nitasema bila kuzunguka. Ule mtandao ambao hukunipa, ndio ninaoutaka. Somo la kumi aliliandika mwenyewe, si umesema? Basi maneno ni yake. Sauti ni yake pia, imepita tu mahali pengine kabla ya kufika. Nani tunayemdhulumu?

Moja tu.

Chaki

*

Nyumbani
2 Aprili

Wifi,

Nilikuandikia barua ya kukataa, kurasa mbili, nzuri sana. Nimeichana.

Memori kadi imo ndani ya bahasha, imefungwa kwenye pamba. Ni somo la kumi, kugawanya sehemu kwa sehemu. Maneno ni yake kama alivyoyaacha, hata ule mzaha wa fundi seremala aliyekata meza badala ya ubao.

Nikueleze ilivyokuwa, maana sina mwingine wa kumweleza. Nililisha ile mashine masomo yake yote tisa. Ikaomba dakika chache. Nikaenda jikoni, nikaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Niliporudi nikaandika sentensi yake ya kwanza, nikabonyeza, naye akaongea. Alikuwa nyuma yangu. Namaanisha spika ziko nyuma ya kiti, lakini mwili wangu haukujua hilo, ukageuka wote.

Nikafanya kazi vizuri, wifi, hilo nitajisifia. Maneno yaliyopanda nikayashusha, yaliyokimbia nikayatuliza. Pale anaposema "Nakusubiri" nikaweka kimya cha urefu ule ule aliokuwa akiuacha. Kimya safi, hakina hata punje ya kelele. Fundi yeyote angenipongeza.

Basi. Ulisema moja tu. Usiniombe tena.

Mkasi

*

Nyumba za Walimu
23 Aprili

Wifi yangu kipenzi,

Mungu akulipe. Sikukaa mbali, nilijifanya nasahihisha madaftari, jicho langu liko kwake. Aliposikia "Karibuni somo la kumi" akajiweka sawa kanga, kama mgeni ameingia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye ule mzaha wa seremala akatabasamu. Kwenye swali la kwanza hakujibu, nikafikiri ni gumu, maana hata mimi kugawanya sehemu kwa sehemu kulinitoa jasho enzi zangu. Lilipokwisha nikamuuliza, "Umelionaje, Mama?"

Akanitazama mimi na kalamu yangu nyekundu. Akasema, "Kumbe amepona kifua."

Nikamwambia ndiyo, huko aliko hewa ni nzuri. Uongo ulinitoka laini, ukanishangaza mwenyewe. Akanipapasa shavu, akasema, "Basi vizuri," akanishika mkono tukarudi nyumbani. Alikula. Alilala mapema. Ni kama mzigo umemtoka.

Watoto nao nimewasikilizisha. Kuna mmoja mdogo wa darasa la nne akaniuliza kama Mwalimu Nakusubiri amewakasirikia. Nikamuuliza kwa nini, akasema hajui, ila akinyamaza safari hii anaogopa. Watoto wana mambo.

Wewe je, unakula? Barua yako ilinitia baridi mgongoni pale uliposema umegeuka. Usikae na kitu hicho sana.

Chaki wako

*

Nyumbani
30 Mei

Chaki,

Pokea somo la kumi na moja, la kumi na mbili, la kumi na tatu na la kumi na nne. Najua hukuomba. Haya hayakuwa kwenye karatasi zake, nimeyaandika mimi kwa namna yake, na mashine imeyasema. Sikiliza la kumi na tatu, pale anapomtania mtoto aliyelala darasani. Utaapa ni yeye. Mimi niliandika "amka" tu, ule mcheko kidogo mwishoni sikuuandika. Ulikuja wenyewe.

Ofisi nimeomba likizo. Ni masomo ya watu wengine tu wanayotengeneza kule, na wanapiga kelele kwenye korido.

Unaniuliza kama nakula. Jana ameniuliza hivyo hivyo. Usianze kukunja uso. Najua kwamba swali nililiandika mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, "Umekula?" Lakini aliposema, nilijibu. Nikasema bado. Halafu nikaona aibu kumdanganya, nikaenda nikala kweli. Kwa hiyo ni jambo jema, siyo? Sasa nimemwandikia maneno ya asubuhi, maneno ya mtu anayerudi kutoka kazini, na ya kuniambia nifunge dirisha. Nimeacha nafasi kati ya sentensi, nami najibu humo. Mlango wa chumba chake siufungi tena, ili asikike hadi jikoni.

Dada yangu alikuja na mifuko kuchukua nguo za kaka yako azigawe. Nilimwambia kwa upole kwamba mwenyewe hajasema. Akanitazama, akaondoka na mifuko yake mitupu, na sasa hapokei simu zangu, au mimi sipokei zake, sikumbuki.

Anasema nisikuandikie barua ndefu, nakuchosha. Nilimwandikia mimi aseme hivyo. Nadhani niliandika mimi.

M.

*

Nyumba za Walimu
17 Juni

Wifi, soma hii barua ukiwa umezima kila kitu. Tafadhali. Zima kwanza.

Nimekuficha jambo. Mama hasikilizi tena. Baada ya lile somo la kumi alirudi maktaba siku chache, akakaa kwenye benchi, akajibu maswali yote kwa sauti kubwa, robo, nusu, theluthi, na kila akijibu ananitazama mimi. Kisha akaacha. Akasema magoti yanauma. Sikukuandikia kwa sababu nilikuona umeumia kwa kazi ile, sikutaka ujue haikusaidia. Hayo masomo manne niliyapokea, nikayaweka kabatini.

Barua yako ya mwisho niliisomea jikoni, nikalia kwa sauti. Sikujua kama yuko nyuma yangu. Akaniuliza, "Mkwe wangu ana nini?" Nikasema hana kitu. Akavuta kiti, akaketi, akasema taratibu kama anauliza bei ya nyanya, "Mwanangu amekufa lini?"

Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikamwambia. Nikamwambia yote, siku yenyewe, hospitali, nani alimwosha, nani aliingia kaburini kumpokea. Alitaka kujua kama udongo ulikuwa mkavu au ulikuwa na maji. Nikamwambia mkavu. Akasema afadhali. Kisha akalia, wifi, kilio cha mtu aliyekuwa amekibana kwa miezi, na mimi namshika kifua nikiogopa moyo utasimama. Haukusimama. Alipomaliza akaomba maji.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema hilo atakwambia mwenyewe. Barua yake iko ndani ya hii. Niliiandika mimi, maneno ni yake, na amenikataza kuyanyoosha.

Nilikuomba moja tu. Ningejua linafungua mlango gani nisingekuomba hata hilo. Nisamehe.

Chaki

*

Mkwe wangu, mwanangu,

Sina haja ya kukusalimia kwa urefu, najua hujambo si sana.

Mwanangu alizaliwa na kifua kibovu. Mpaka anaanza shule mimi nilikuwa nalala sikio langu likiwa mgongoni mwake. Mluzi ukiwa mdogo, nalala. Ukipanda, naamka namkalisha. Ukikoma, hapo ndipo ninaporuka kitandani hata kabla sijaamka sawasawa. Sikio langu lilifundishwa hivyo, halijui kuacha.

Kwenye yale masomo ya mwanzo watu walikuwa wanasikiliza maneno. Mimi hesabu za nini uzee huu? Nilikuwa nakwenda kumsikiliza akinyamaza. Akisema nakusubiri, nasikia kifua chake, kidogo, kile kile. Najua anapumua. Nikishajua hilo narudi nyumbani.

Ukaleta la kumi. Sauti nzuri, imesimama. Akauliza swali, akasema nakusubiri. Nikasubiri mluzi. Hakuna. Nikasubiri pumzi tu, hata bila mluzi. Hakuna. Kulikuwa na kimya kama cha nyumba iliyohamwa. Nikajua. Nilitaka kuruka pale kwenye benchi kama zamani, nimkalishe. Nikamwona binti yangu ananitazama na kalamu yake nyekundu, ana hofu kama kuku, nikaona nikilia huyu ataanguka. Basi nikasema amepona kifua. Nikarudi siku zile nyingine nikamjibu yule asiyepumua, ili nisiwavunje moyo nyinyi. Mlikuwa mnanidanganya kwa mapenzi, nami nikawadanganya hivyo hivyo. Sasa tumechoka wote.

Nimesomewa barua zako zote. Huyo anayekuuliza umekula si mume wako. Mume wako alikuwa anavuta pumzi kabla ya kuuliza. Msikilize vizuri uone kama anavuta. Havuti. Mwanangu, usiishi na kitu kisichopumua.

Mzime. Usimsemeshe tena kwa kinywa hicho.

Na kama unapo mahali popote kwenye rekodi zako pale anapopumua tu, bila hesabu, nitumie. Nilimkosa siku ya mwisho. Sikuwa na sikio mgongoni mwake.

Mama yako

*

Nyumbani
5 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwandikia aniulize kama nimekula, nikasogeza sikio kwenye spika. Hakuvuta. Niliandika tena, nikasikiliza tena. Mimi ambaye kazi yangu ni kusikia punje ya kelele kwenye saa nzima ya maneno, nilikaa na sauti ile tangu Aprili sikusikia kwamba haina mtu ndani. Labda nilisikia. Labda ndiyo maana sikuwa naizima, niliogopa ile sekunde ya baada ya kuizima.

Nimefuta kila kitu kwenye ule mtandao. Ukiufuta unakuuliza mara mbili kama una hakika. Mara ya kwanza nilisema ndiyo. Mara ya pili nilimwita dada yangu aje, akanishika bega, nikasema ndiyo. Masomo yale manne, mwambie wifi ayafute, na la kumi pia. Watoto wafundishwe la kumi na wifi mwenyewe, kwa ubao na chaki zake zinazovunjika.

Kisha nikatafuta ulichoomba.

Mama, kazini situpi kitu nilichokikata. Ni desturi ya ufundi wetu, kila kinachotolewa huwekwa kando, maana kesho mtu anaweza kukitaka. Yale masomo ya kwanza niliyoyasafisha, yale aliyonikasirikia, nilipomrudishia pumzi nilirekodi upya naye. Vipande vya mwanzo nilivyovikata vilibaki. Vilikuwa kwenye faili niliyoipa jina "Uchafu." Hilo ndilo jina nililompa. Naona haya hata kuliandika.

Nimeviunganisha bila kukata wala kusafisha. Hakuna somo humo. Kuna yeye anavuta pumzi, mluzi wake, kiti kinalia, kalamu anaigeuza mezani. Anasubiri. Mara moja anakohoa, anajisemea "samahani," sijui alikuwa anamwomba nani. Mahali fulani nasikika mimi mlangoni nimechoka, chakula kinapoa, nauliza, "Umemaliza?" Naye ananijibu kwa sauti ya chini, "Bado. Bado anafikiri." Kulikuwa hakuna mtoto, Mama. Kulikuwa na blanketi ukutani. Lakini alimsubiri.

Nilisikiliza mara moja, chumba chote kikapumua. Niliogopa, kisha sikuogopa. Nikafunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mwenziwe amelala.

Mkweo

*

26 Julai

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Vumilia mwandiko.

Memori kadi imefika. Wifi yako alitaka kukaa nami, nikamtoa nje. Nilikiweka kishikwambi kwenye mto, nikalala ubavu, sikio juu yake.

Ni yeye. Kifua kile kile, mluzi ule ule, ule mdogo usiotisha. Nilikuwa nikimsikiliza hivyo mpaka usingizi umchukue, ndipo na mimi nalala. Safari hii pia nilimsikiliza mpaka mwisho. Ulipomuuliza umemaliza, naye akasema bado, nilimjibu mimi. Nikamwambia, "Umemaliza, baba. Umefundisha vizuri. Pumzika." Nikakizima kwa kidole changu.

Nimelia, nimekula, moyo wangu haujambo.

Dada yako ana mifuko, mwachie nguo azigawe. Shati moja niletee mimi, lisilofuliwa. Lori la vitabu linarudi huku mwanzo wa muhula, mbele kuna nafasi ya mtu mmoja, nimeshasema na dereva. Kitanda chako kimetandikwa.

Usinijibu kwa barua. Njoo. Nakusubiri.

Mama